UZI: Kitabu gani cha netiweki mtu wa kazi anaweza kusoma akaelewa? Nimekwama sura ya pili tangu Januari

#1 Omera_wa_Manyatta (Kisumu)
Wadau habari za jioni. Mimi naunganishia watu intaneti hapa Manyatta na Kondele, mwaka wa pili sasa. Kupanda paa, kuvuta kebo, kukrimpi RJ45 (kile kichwa cha kebo, waya nane kwa mpangilio wa rangi), hizo nafanya hata usiku stima ikipotea: chungwa nyeupe, chungwa, kijani nyeupe, buluu, buluu nyeupe, kijani, kahawia nyeupe, kahawia. Winbox (programu ya kuseti ruta za MikroTik) pia naingia naweka vile nilionyeshwa. Shida ni sijui KWA NINI naweka hivyo. Mteja akiniuliza mbona ping (kile kipimo cha kuona kama mashine ya mbali inajibu) inaenda na ukurasa wa benki haufunguki, mimi nazima ruta nawasha, isipokubali nampigia mkubwa wangu, na yeye pia anazima anawasha.

Nikaamua nisome. Mwezi wa kwanza nikatoa fotokopi ya kitabu cha Tanenbaum, ile nene. Sura ya kwanza nikaenda vizuri kabisa. Sura ya pili nikakutana na Fourier na hesabu za mawimbi, nikakwama hapo hadi leo. Sasa nauliza wenye wamepitia hii njia, hivi vitabu vinasomwa vipi na mtu wa kazi kama mimi aanze na kipi? Tafadhali msiniambie YouTube. Nimeangalia nyingi, naelewa nikiwa naangalia, kesho yake imepotea yote.

#2 Cheti_Kwanza (Eldoret)
Boss achana na vitabu vya maprofesa. Tafuta Odom, vile vitabu viwili vya CCNA 200-301 (mtihani wa cheti cha Cisco), maliza cha kwanza chote ukifanya labu kwa Packet Tracer (programu ya kujenga netiweki ya mazoezi), hiyo unapata bure ukijiandikisha Cisco Networking Academy. Miezi sita una cheti mkononi. Mimi nilikuwa nauza simu, nikaingia ofisini kwa njia hiyo. Tanenbaum ni ya watu wa digrii.

#3 Kijana_wa_Maseno
Nampinga #2 kidogo na namtetea omera wangu. Shida si Tanenbaum, shida ni mpangilio. Tanenbaum anaanzia chini kabisa, waya na mawimbi, halafu anapanda pole pole mpaka juu. Kurose na Ross wamegeuza, wanaanza juu wanashuka. Sura ya pili tu uko kwa HTTP (lugha ya kurasa za wavuti), barua pepe na DNS (inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba), vitu unagusa kila siku, ya tatu TCP na UDP (njia mbili za kusafirisha data, TCP inahakikisha imefika, UDP haihakikishi), ya nne na ya tano ndio IP (anwani za paketi, yaani vifurushi vya data) na vile ruta zinaelekezana njia, Ethernet (netiweki ya kebo) unaikuta sura ya sita ukiwa tayari unajua inabeba nini. Mimi nilisoma Kurose likizo moja, na kabla ya hapo nilikuwa nimerudia somo la netiweki mara mbili.

#4 MwalimuLurambi (Kakamega)
Mulembe nyote. Nimefundisha somo hili miaka mingi katika vyuo vya ufundi huku magharibi, kwa hivyo nivumilieni nikiandika kirefu.

Kijana wa Maseno, unalosema ni kweli kwa mwanafunzi aliyekulia kwenye simu. Lakini huyu ndugu yetu wa Manyatta hakukulia kwenye HTTP, amekulia kwenye kebo. Yeye waya anaujua kwa mikono, kwa hivyo kuanzia chini ndiko kwake. Kilichomshinda ni hesabu peke yake, na ile hesabu unaweza kuiruka. Soma aya za mwanzo za sehemu hiyo, fahamu kwamba mawimbi yana upana wake na kwamba upana ndio unaweka kikomo cha kasi, kisha nenda sura ya tatu. Ukikataa kabisa, chukua Forouzan. Ana michoro karibu kila ukurasa, na wanafunzi wangu ambao Kiingereza kiliwasumbua walimwelewa yeye kuliko wengine wote. Na usipuuze tabaka saba za OSI (mchoro wa kugawa kazi za netiweki ngazi kwa ngazi), maana intaneti yenyewe ilijengwa juu yake.

#5 RadiKisii
Mwalimu asante, umenena kwa niaba ya watu wa paa. Hawa wa kuanzia juu hawajawahi kufanya kazi huku kwetu mwezi wa nne. Mwaka jana radi moja iliniulia swichi mbili na poti ya ruta ya mteja alasiri moja, jirani wa mteja hajaguswa hata taa. Nilipofungua nikakuta kebo ya nje ni ile ya ndani ya kawaida, haina kinga, haina waya wa ardhi, imepita juu ya mabati mita kama arobaini. Nimetafuta kwa Kurose sura ya tabaka la waya, hakuna! Ameigusa gusa tu ndani ya sura ya kwanza akaendelea na safari. Sasa mtu wa Kisii ama Kakamega na hizi radi zetu utamfundisha netiweki na kitabu hakimwambii kebo ni nini?

#6 SomaRFC (Bungoma)
@MwalimuLurambi kwa heshima zote mwalimu, hapo mwisho naomba nikusahihishe. Intaneti haikujengwa juu ya OSI. ARPANET (netiweki iliyozaa intaneti) ilihamia TCP/IP tarehe 1 Januari 1983, na OSI ilichapishwa kama kiwango 1984, yaani intaneti ilikuwa inatembea tayari. OSI ilikuwa mpango mwingine wa kushindana nayo, kilichobaki ni majina ya tabaka.

Na wewe Omera, vitabu vyote hivi vimechota kwa RFC (zile karatasi zinazoandika kanuni za intaneti). Si uende kisimani? RFC 791 ndio IP yenyewe, Septemba 1981, bure, maandishi matupu, hata simu ya zamani inafungua. DNS ni 1034 na 1035 za Novemba 1987. Hakuna ISBN, hakuna fotokopi.

#7 MwalimuLurambi
SomaRFC umenisahihisha vizuri na nimekubali, niliandika haraka. Ila tabaka saba bado nitazifundisha, kwa sababu mafundi wawili wakiwa kwenye simu mmoja akasema "tatizo ni leya ya pili" mwenzake anajua aende kwa swichi.

#8 Cheti_Kwanza
Kumwambia mtu amekwama Tanenbaum aende RFC ni kumtoa mtoni umtupe ziwani 😂 SomaRFC huna huruma. Zile ni karatasi za mafundi kuandikia mafundi, haziambii mtu aanzie wapi.

#9 Njoro_Boy
Naomba niingize kesi yangu. Chuo nilisoma (sitakitaja) tulipewa noti zinasema anwani za IP ni Klasi A, B, C, D, E, tukakariri mwaka mzima. Nikaenda atachimenti Nakuru, mtu akaniambia gawanya hii 10.20.0.0/22 kwa wateja, nikasema haiwezekani kwa sababu 10 ni Klasi A. Chumba kizima kilininyamazia. Kumbe klasi ziliachwa 1993 CIDR ilipokuja (mgao wa anwani bila klasi, ile /22 mwishoni inasema ukubwa wa kipande), hata sikuwa nimezaliwa! Kwa hivyo ushauri wangu Omera, kabla ya kutoa fotokopi ya kitabu chochote angalia vile kinafundisha anwani. Kama kinakuzungusha kwa klasi sura nzima na hiyo /22 ama /26 inakuja mwishoni kama nyongeza, rudisha.

#10 Kijana_wa_Maseno
@RadiKisii ni kweli Kurose hana sura ya waya, hapo sibishani. Lakini pia hakuna kitabu cha protokali kitakufundisha waya wa ardhi kaka, hiyo ni kazi ya fundi stima. Hata Tanenbaum ukimsoma sura ya pili mwanzo mwisho hutatoka ukijua kuzuia radi.

#11 RadiKisii
Hilo nakupa. Lakini angalau utatoka ukijua kwamba waya ni kitu.

#12 MamaPaketi (Nakuru)
Habari zenu. Nimesoma uzi wote na nimerudi kwa #1, kwa sababu mmejibu habari ya kitabu na mkaruka kitu ameandika hapo: ping inaenda, ukurasa wa benki haufunguki. Hiyo sentensi naijua. Ilinilaza ofisini siku mbili nikiwa mgeni kwa hii kazi, hapa Section 58.

Mteja alikuwa na duka la vifaa. WhatsApp inaenda, Google inafunguka, tovuti ya benki na nyingine moja ya serikali zinazunguka tu mpaka browza inakata tamaa. Nimebadilisha DNS, nimebadilisha kebo, nimebadilisha ruta. Mzee mmoja tulikuwa tukifanya kazi naye akaniletea Stevens, ule mfululizo wa TCP/IP, juzuu ya kwanza, toleo la kwanza la 1994, jalada limeshikwa na selotepu. Akaniambia usisome kitabu, soma kuhusu MTU (ukubwa wa mwisho wa paketi njia inaweza kubeba) peke yake halafu urudi kwa huyo mteja.

Nikasoma. Fremu ya Ethernet inabeba baiti 1500. Mteja alikuwa kwa PPPoE (anaingia kwa jina na nenosiri), na PPPoE inakula baiti 8, kwa hivyo zinabaki 1492. Nikafungua Windows ya mteja nikaandika ping -f -l 1472 na anwani ya nje (-f inakataza paketi kukatwa vipande, -l ni ukubwa wake). 1472 ukiongeza 28 za vichwa vya IP na ICMP (ujumbe wa netiweki kujiripoti, ping ni mmojawapo) ni 1500 kamili. Ikakataa. Nikapunguza nikaweka 1464, ambayo na 28 inatoa 1492. Ikapita! Ping ya kawaida ya Windows inabeba baiti 32 tu, ndio maana ilikuwa inapita tu na kunidanganya. Sasa seva ya benki ilikuwa inatuma paketi kubwa za 1500, zinafika kwa mlango wa PPPoE zinakosa kuingia, ruta inarudisha ujumbe wa ICMP kusema "punguza", na mahali fulani njiani mtu amefunga ICMP yote akidhani anaongeza usalama. Seva haiambiwi kitu, inatuma tena ile ile kubwa. Kwa MikroTik, kwenye profaili ya PPPoE kuna mahali pa Change TCP MSS (kupunguza data inayobebwa na kila paketi ya TCP), na mtu alikuwa ameiweka no. Nikaweka yes. Ukurasa ukafunguka mteja akiwa amesimama nyuma yangu na kikombe cha chai.

Kwa hivyo kitabu changu ni Stevens. Anakuonyesha paketi zenyewe zikitembea, kwa tcpdump (programu ya kunasa paketi), mstari kwa mstari, na anakuambia kila mstari ni nini. Hakuna mwingine alinifanyia hivyo.

#13 Omera_wa_Manyatta
Madam MamaPaketi nimesoma hiyo mara tatu. Sisi pia tuko PPPoE. Kesho asubuhi naenda kwa mteja.

#14 Cheti_Kwanza
Hiyo stori ni tamu lakini Omera usikimbilie MTU. Kesi kama hizo nimekutana nazo nyingi, kumi zikija, nyingi ni DNS. Mtu ameweka seva ya DNS iliyokufa ya kwanza na hai ya pili, browza inangoja ya kwanza ichoke. Ping anapiga kwa namba 8.8.8.8 kwa hivyo DNS haiguswi kabisa, inaonekana kila kitu kiko sawa. Anza na nslookup (amri ya kuuliza DNS).

#15 RadiKisii
Na mimi nasema anza na kebo. Konekta imekrimpiwa vibaya, jozi moja imegusa kidogo, paketi ndogo zinapita, kubwa zinaharibika njiani kwa sababu zikiwa ndefu nafasi ya kuharibika pia ni ndefu. Dalili ni ile ile! Angalia hesabu ya FCS (fremu, yaani vifurushi vya kebo, zilizofika zimeharibika) kwa poti kabla hujagusa profaili yoyote.

#16 Busia_Mpakani
Ama laini imejaa tu. Jioni watu wote wako kwa mpira, foleni kwa ruta imekuwa ndefu, paketi zinalala humo sekunde nzima. Ping ukipiga asubuhi iko sawa.

#17 MwalimuLurambi
Naona jambo hapa. Mgonjwa ni mmoja, na kila daktari ametibu kwa kitabu alichosomea. Aliyesoma Stevens ameona MTU, mwenye cheti ameona DNS, mtu wa paa ameona kebo, na wa Busia ameona foleni. Wote wanaweza kuwa sawa. Omera, andika mahali kila kipimo utakachofanya kesho na jibu lake, utuletee.

#18 DalaKisumu
Mimi swali langu ni tofauti. Hivi vitabu vyote ni vya watu wa Marekani na Ulaya wenye faiba mpaka jikoni. Huyo Stevens anajua nini kuhusu laini ya Nyalenda yenye inanyeshewa?

#19 SomaRFC
@DalaKisumu Stevens alizaliwa Luanshya, Zambia, 1951, wakati huo ikiitwa Rodezia ya Kaskazini. Baba yake alikuwa kazi ya shaba. Alifariki 1999 mapema sana, ndio maana toleo la pili la 2011 limeandikwa na Kevin Fall.

#20 DalaKisumu
Kumbe! Mtu wa mgodini. Basi naondoa maneno.

#21 Kijana_wa_Maseno
Niulize kitu kwa MamaPaketi na SomaRFC. Toleo la zamani lina shida gani hasa? Kwa sababu Stevens wa 1994 hana HTTP ya sasa, na Njoro_Boy ametuonyesha noti za zamani zinavyoumiza.

#22 MamaPaketi
Inategemea sura mdogo wangu. IP ya nne ni ile ile ya 1981, ARP (inayotafuta anwani ya kadi ya mashine) ile ile, DNS mifupa yake ni ile ile. TCP imeandikwa upya Agosti 2022 kama RFC 9293 kukusanya marekebisho ya miaka yote, lakini kichwa chake bado kinaanzia baiti 20 na ukikinasa leo utakitambua kwa mchoro wa 1994. Kwa hizo nunua la zamani bila wasiwasi. IPv6 (IP mpya yenye anwani ndefu) usisome kwa toleo la kwanza la Stevens, tafuta la Fall. Juu kwa wavuti ndio pamebadilika sana: QUIC (usafirishaji mpya wa wavuti) ilitoka kama RFC 9000 Mei 2021, HTTP/3 ikafuata Juni 2022, na hizo zinatembea juu ya UDP. Mtu amesoma kitabu cha zamani atakuambia wavuti ni TCP poti 80 na 443, ananasa paketi za simu yake anakuta UDP 443 imejaa anafikiri ameingiliwa. Kwa hiyo sehemu Kurose toleo la nane la 2020 liko mbele.

#23 Njoro_Boy
Hiyo ya UDP 443 ilinipata! Niliifunga kwa ruta nikidhani ni virusi. Siku mbili video zinachelewa kuanza na hakuna mtu anajua ni mimi.

#24 Cheti_Kwanza
Sasa ndio umejulikana 😂

#25 Busia_Mpakani
Mimi shida yangu na hivi vitabu ni lugha. Sikatai Kiingereza, lakini kuna kitu kinakataa kuingia mpaka mtu akuambie kwa lugha yako. Ile salamu ya TCP ya hatua tatu, SYN, SYN-ACK, ACK, niliikariri kwa mtihani nikasahau. Siku moja mzee wa duka la simu hapa mpakani akaniambia: si ni hodi tu? Unapiga hodi. Mwenye nyumba anasema karibu, na yeye pia anauliza nani huyo. Unajibu ni mimi, unaingia. Haijawahi kutoka tena.

#26 MwalimuLurambi
Hiyo nimeichukua, nitaifundisha Jumatatu.

#27 SomaRFC
Ni nzuri mwalimu lakini uongeze kitu ukiifundisha. Ile hodi si salamu tu, kila upande unatangaza namba yake ya kuanzia kuhesabu baiti. Mgeni anasema "nahesabu kuanzia hapa", mwenyeji anasema "nimesikia namba yako, yangu ni hii", mgeni anathibitisha. Bila hizo namba paketi zikifika zimepangana vibaya hakuna atajua ipi ni ya kwanza. Mwanafunzi akibaki na hodi peke yake ataona ni adabu tu, na kumbe ni hesabu.

#28 Busia_Mpakani
Sawa, lakini acha kwanza aingie mlangoni ndio umpe hesabu. Mimi namba hizo nilizielewa mwaka mmoja baada ya hodi.

#29 Achieng_wa_Milimani
Jioni njema. Nimeona watu wanaongea fotokopi fotokopi. Kuna vitabu vya maana ambavyo waandishi wenyewe wameviweka bure mtandaoni kihalali, hamna haja ya kuiba. Peterson na Davie, kilitoka mara ya kwanza 1996, sasa kiko wazi chote kwa leseni ya Creative Commons, unasoma kwa browza ama unashusha. Olivier Bonaventure wa Ubelgiji pia chake ni bure na kina mazoezi. Mimi nilisoma Peterson kwa simu kwenye matatu, Kisumu kwenda Ahero na kurudi, muhula mzima, na ni kitabu kizuri kwa sababu kila sura inaanza na shida: tuna hiki kitu hakifanyi kazi, tufanyeje. Si cha juu kwenda chini wala chini kwenda juu, anakujengea netiweki ukiwa naye.

#30 Kijana_wa_Maseno
Achieng Peterson ni mzuri lakini ni mkavu kwa mtu anaanza. Alafu Kurose hata kama kitabu chenyewe ni cha kununua, zile labu zake za Wireshark (programu ya kunasa na kusoma paketi) ziko bure kwa tovuti ya mwandishi, za HTTP, DNS, TCP, IP, zote. Omera anaweza kusoma Peterson na kufanya labu za Kurose, hakuna askari atamshika.

#31 Achieng_wa_Milimani
Mkavu kwako. Kwangu Kurose ndiye ana maneno mengi, anakueleza kitu mara nne.

#32 RadiKisii
Na mara nne ndio mtu wa Fourier anahitaji 😀

#33 DalaKisumu
SomaRFC si uko hapa, ni kweli kuna RFC ya njiwa ama ni uongo wa mtaani?

#34 SomaRFC
Iko, RFC 1149, tarehe 1 Aprili 1990, kubeba paketi za IP kwa njiwa. Ni utani wa siku ya wajinga, lakini 2001 watu wa Bergen huko Norway waliijaribu kweli. Walituma ping 9 wakapata majibu 4. Na usicheke tu, ukiisoma unaelewa kitu kikubwa kuhusu IP: haijali inabebwa na nini. Waya, redio, faiba, ndege. Hiyo karatasi fupi ilinifundisha hilo kuliko sura nzima.

#35 Cheti_Kwanza
Kondele hao njiwa hawangefika hata wanne, wangepikwa njiani.

#36 Omera_wa_Manyatta
Wadau nimerudi, nimetoka kwa mteja sasa hivi, nimeandika kila kitu kama mwalimu alivyoniambia.

Kwanza nslookup, Cheti_Kwanza. Ilijibu mara moja, DNS zote mbili hai. Pili poti, RadiKisii, FCS ilikuwa sifuri, lakini nilikrimpi upya upande wa ndani kwa sababu kishikio kilikuwa kimevunjika, ukurasa haukufunguka. Tatu ping -f -l 1472, ikakataa. 1464 ikapita!! Vile vile madam alisema, namba kwa namba, nilihisi kama mtu amenishika mkono. Nikaweka Wireshark kwa laptopu, hiyo ni mara yangu ya kwanza. SYN yangu ilitoka na MSS 1460, jibu likarudi pia na 1460. Nikaingia profaili, Change TCP MSS ilikuwa no. Nikaweka yes, nikakata na kuunganisha tena. SYN ikatoka 1460, jibu likarudi 1452. Nikaweka 1492 kwa kikokotoo nikapunguza 40, 20 za IP na 20 za TCP, ikatoka 1452. Nilikaa kwa kiti cha mteja nikaangalia hiyo namba. Miaka miwili nimekuwa nikibonyeza hizo vitu.

Ukurasa wa benki ukafunguka. Lakini sasa kuna kitu kinanisumbua. Mteja wa ghorofa ya juu, profaili ile ile, ruta aina ile ile, yeye hajawahi kulalamika na benki ni hiyo hiyo. Nilipima kwake kabla sijabadilisha kitu, 1472 ilikataa pia. Kwa nini kwake ukurasa ulikuwa unafunguka?

#37 MamaPaketi
Umefanya kazi safi sana. Hiyo ya juu, anatumia browza gani? Huenda ilikuwa inaenda kwa QUIC, na hiyo inajipimia yenyewe ukubwa wa paketi bila kungoja ICMP.

#38 SomaRFC
Ama ruta yake ndogo ya nyumbani ndio inapunguza MSS yenyewe kabla haijafika kwako. Ziko nyingi zinafanya hivyo.

#39 Busia_Mpakani
Ama anafungua benki saa nane usiku na si jioni. Bado sijaacha ile yangu ya foleni.

#40 Cheti_Kwanza
Ama anatumia programu ya simu na bando la simu, hajawahi kupitia Wi-Fi yako hata siku moja. Ulimuuliza?

#41 Omera_wa_Manyatta
Sikumuuliza. Jumamosi napanda na Wireshark.

#42 MwalimuLurambi
Ukirudi, Forouzan wangu wa zamani nimempaki kwenye boksi. Shatoo ya asubuhi ya Kakamega inafika Kisumu mapema, nitampa dereva, uje stendi umchukue. Zile kurasa za anwani za IP nimeziandikia pembeni kwa penseli, usizifute.

#43 Omera_wa_Manyatta
Erokamano mwalimu. Na Tanenbaum nimerudi, nimeruka Fourier, niko sura ya tatu, anaeleza vile fremu inajua imeharibika. RadiKisii, ile FCS yako iko hapa!